Darasa la Watu Wawili

Sogeeni karibu, wanangu. Wewe, mkubwa, kaa hapa upande wa ukutani, na wewe, binti, acha kunirekebishia mto, mto uko sawa, kaa. Nataka niwaone wote wawili bila kugeuza shingo, maana shingo hii siku hizi nayo inajifanya ina amri yake. Mkwe wangu, mkeo wewe mkubwa, akae sebuleni na watoto. Simfichi kitu, ila ninayotaka kuyasema yanawahusu waliotoka tumboni mwangu, naye nitamwita baadaye nimuage vizuri. Simu zizimeni. Zote. Hiyo inayotetemeka mfukoni nayo naisikia, macho yamechoka lakini masikio hayajaniacha.

Tangu tumzike baba yenu hamjapata kukaa chumba kimoja mkanitazama pamoja. Mmoja anakuja, mwenzake ameshaondoka. Nimekuwa kama kituo cha basi: huyu anashuka, yule anapanda, kituo kinabaki palepale na benchi lake. Nilikuwa nikisikia gari lako, mwanangu, likikata kona kule kwa fundi viatu, nami najua kesho au keshokutwa dada yako atapiga simu kuuliza, "Mama, ameshaondoka?" ndipo aje. Mmeniletea dawa, mmeniletea mablanketi, mmenitengenezea paa, na ninawashukuru. Lakini kila mlipoondoka niliosha kikombe kimoja cha mgeni, nikakifuta, nikakirudisha kabatini peke yake.

Jana nimewasikia jikoni. Mlidhani nimelala. Wewe mkubwa umepata mfanyabiashara wa mbao anayetaka kununua jengo la shule aweke mbao zake, na wewe binti umesema kwamba jengo la baba yako litageuzwa ghala siku ambayo na wewe utakuwa umelazwa kaburini. Mkarushiana maneno, mlango ukabamizwa. Basi nitasema liuzwe au lisiuzwe, hilo mtalisikia kabla sijamaliza. Lakini nisikilizeni kwanza, wala mtu asinikatize, maana nikikatika sijui kama nitaunganika tena. Mnagombania jengo msilolijua. Mlisoma humo, ndiyo, mkafagia humo, mkapigwa fimbo humo. Ila mlitoka humo mkiwa watoto, na mambo ninayowaambia yametokea baada ya ninyi kuondoka.

Shule ile ilianzia sebuleni kwetu, hapo walipokaa watoto wenu sasa. Kiwanda cha magunia kilikuwa kinaajiri, watu wanahamia kila mwezi na magodoro yao vichwani, na watoto wao wanazurura tu kwenye vumbi la kiwanda. Baba yenu alikuwa mwalimu kijana aliyegombana na mkuu wake, akaacha kazi, akaja nyumbani akaniambia, "Mke wangu, ondoa vyombo mezani." Nikaondoa. Meza yetu ya kulia chakula ikawa dawati la kwanza. Baadaye wazazi wakachangia matofali, kila baba akitoka zamu anabeba tofali begani, na mafundi wa kiwanda wakachomelea madirisha kwa vyuma vilivyokataliwa. Ndiyo maana hakuna dirisha hata moja pale linalofanana na jingine. Nilishona sare za watoto wote wale kwa cherehani yangu, kola, mifuko, mpaka mguu wangu ukawa unakanyaga hata nikiwa usingizini. Mlikuwa mkilala chini ya meza ya kukatia vitambaa. Mlijua rangi ya shule kabla ya kujua rangi ya nguo zenu wenyewe.

Halafu kiwanda kikafungwa. Mlikuwa mmeshaondoka, mnasikia kwenye simu tu. Mashine zikabebwa kwa malori, na watu nao wakafuata, nyumba baada ya nyumba, mtaa huu ukawa unaishiwa sauti. Walimu wakaaga mmoja mmoja, kila mmoja akimwambia baba yenu, "Nitarudi hali ikiwa nzuri," naye akiwapa mkono kama anayeamini. Mwisho wakabaki mapacha, watoto wa mlinzi wa kiwanda, kwa sababu mlinzi alikuwa bado analinda geti la mahali ambapo hapakuwa na kitu. Baba yenu aliwafundisha wale wawili muhula mzima kama anavyofundisha darasa lililojaa, anawaambia, "Nyamazeni huko nyuma!" na huko nyuma hakuna mtu. Mlinzi naye akahamishwa. Siku hiyo baba yenu alifunga vitabu, akawapa wale watoto chaki waondoke nazo, akaja nyumbani akavua viatu akakaa. Nikamuuliza, "Mwalimu, unakunywa chai?" Akasema, "Nakunywa." Ikapoa mbele yake.

Jumatatu akaamka alfajiri, akanyoa ndevu, akafunga tai.

Nikamwambia, "Unakwenda wapi?" Akanitazama kama mimi ndiye niliyepotea. "Kazini." Akavuka uwanja na mkoba wake, akafungua mlango wa darasa la mwisho, akaingia. Na Jumanne hivyo hivyo. Na wiki nzima. Mimi nilibaki na vibanio vya nguo mdomoni nikimtazama kutoka kwenye kamba ya kuanikia, na majirani wachache waliobaki wakinitazama mimi. Ninyi habari zikawafikia. Binti ulilia kwenye simu. Mkubwa ulisema, "Mama, hiyo inaitwa ugonjwa, ina dawa." Labda. Sikuwa na jina la kuupa.

Siku moja nikamfuata. Nilisema moyoni nitamchukua kwa mkono nimrudishe nyumbani kama mtu anavyomrudisha mlevi, bila kelele. Lakini nilipofika barazani nikamsikia anafundisha, sauti ileile iliyokuwa ikifika mpaka jikoni kwangu. Nikaona haya kuingia. Basi nikapita nyuma, nikazunguka jengo, nikaanza kutembea chumba kwa chumba nikimngoja amalize.

Wanangu, nilikuwa nimepika, nimeshona na kufagia nje ya jengo lile ujana wangu wote, na sikuwa nimelitembelea. Nilikuwa naingia kumpelekea mtu chai, au kumtoa mtoto aliyetapika. Sasa nilikuwa peke yangu na milango yote wazi. Ofisi ya baba yenu, nyigu walikuwa wameziba tundu za ufunguo kwa udongo. Chumba cha walimu, meza bado ina miduara ya vikombe, na nyuma ya mlango koti la mtu limening'inia, mfukoni mwake panya wamelala. Maktaba, popo wamejaa darini, na rafu zilikuwa zimeinama katikati kwa uzito wa vitabu ambavyo havikuwepo tena. Kwenye darasa la wadogo mbayuwayu walikuwa wamejenga juu ya ubao, na kinyesi chao kimeteremka mistari myeupe mpaka chini, ungesema mtoto amejaribu kuandika akashindwa. Sakafu ile nyekundu niliyokuwa nikiwasikia watoto wakiisugua Ijumaa kwa kelele na nyimbo, ilikuwa na ufa, na ndani ya ufa nyasi. Nilikanyaga, mwangwi ukanijibu. Nikakohoa, ukakohoa. Nilipata woga, si wa mashetani, ni woga wa kujua kwamba mahali panaweza kukaa hivyo, na mtu naye akakaa hivyo, na dunia isiulize.

Nikarudi mpaka mlango wa darasa lake. Alikuwa ameandika ubaoni kwa ule mwandiko wake uliosimama wima kama askari. Akageuka akaniona. Nilidhani ataona aibu. Alisema, "Umechelewa. Kaa."

Nikakaa. Dawati la mbele. Magoti yangu yakagonga mbao.

Akanionyesha ubao kwa fimbo. "Soma."

Sasa hapa nyamazeni kabisa, maana hili hamkulijua. Mimi sikuwa najua kusoma. Usiinue kichwa hivyo, binti, nasema kweli. Mama yenu, mke wa mwalimu mkuu, mshonaji wa sare za shule nzima, sikujua herufi. Nilipimia kwa kamba yenye mafundo. Barua za shangazi yenu mlizonisomea, mlikuwa mnadhani nimesahau miwani. Macho yalikuwa mazima! Dawa zenu nilizijua kwa rangi ya chupa. Baba yenu alijua, na tulipooana alitaka kunifundisha, ila nilikuwa msichana mwenye maringo, nikamwambia, "Ulioa mke, hukuoa mwanafunzi." Akacheka, akaacha. Baadaye nilitaka, lakini alikuwa na watoto wa watu wengi kiasi kwamba nikaona haya kupanga foleni.

Basi aliposema "Soma," nikamwambia polepole, "Mwalimu, unajua siwezi." Akasema, "Ndiyo maana watu huja shuleni."

Tukaanza. Kila asubuhi yeye na tai yake, mimi na kanga yangu begani, tunavuka uwanja. Aliniandikia a na e kubwa kama sufuria. Nilikuwa mgumu, wanangu, msidhani hadithi hii ni tamu kila mahali. Nililia. Nilimtupia chaki. Siku moja nilimwambia, "Mimi nakwenda kupika, baki na popo wako!" akaniambia, "Kwanza omba ruhusa," nami, kwa hasira zile zile, nikainua mkono nikaomba. Tulicheka mpaka akashika ubavu. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu kiwanda kifungwe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa amerukwa na akili. Alikuwa mtu mwenye kazi isiyo na mtu wa kuipokea. Nikaipokea.

Neno la kwanza nililolisoma peke yangu, bila fimbo yake, halikuwa ubaoni. Nilikuwa nimeegemea dawati namsikiliza, kidole changu kikapita kwenye mikwaruzo, nikatazama, nikaanza kuunganisha moyoni, herufi kwa herufi, mpaka ikatoka: KICHWA BOGA. Nikauliza, "Mwalimu, kichwa boga ni nani?" Akasema, "Ni mimi." Kumbe shule nzima walikuwa wakimwita hivyo na yeye miaka yote anajua! Tangu hapo somo likiisha nilikuwa napita dawati hadi dawati nikisoma. Nani anampenda nani. Nani mwizi wa kalamu. Nani amefeli na hajali. Watoto wale wote waliobebwa na malori wakarudi kunisemesha chini ya kidole changu, na nilisoma kwa sauti, na baba yenu akiwa mezani ananiambia, "Huyo sasa ni dereva," au, "Huyo alikufa, maskini, kwa homa," na tunaendelea.

Nipe maji. Kidogo. Basi, inatosha.

Mwanangu mkubwa, hili ni lako. Ungelisikia siku nyingi kama ungekaa zaidi ya saa ya kunywa chai.

Kwenye dawati la nyuma kabisa, kona ya dirishani, nilikuta picha ya lori. Lori lisilo na magurudumu ya nyuma. Sikuhitaji kusoma ili nijue ni la nani, kwa sababu nyumba hii ilikuwa na mtoto mmoja tu aliyechora malori hivyo, na ukimuuliza magurudumu yako wapi anasema yamezama kwenye tope. Chini ya lori palikuwa na maneno, yamechimbwa kwa kina, kwa msumari nadhani, kwa siku nyingi. Nikaunganisha taratibu. NATAKA KWENDA KWETU.

Nikainua macho. Kutoka dawati lile, kupitia dirisha lile, unaona mlango wa jikoni kwangu. Unaona kamba ya nguo. Ungeweza kuniona mimi nikitoka na beseni. Na mtoto amekaa hapo anachimba kwamba anataka kwenda kwao.

Nilimwita baba yenu. Nikamsomea. Sikuwa nimejua kama sauti yangu inaweza kusoma kitu kizito hivyo. Akaja, akasimama, kisha akakaa kwenye lile dawati dogo, akaliweka goti moja nje, akatazama dirishani kwa muda mrefu. Akaniambia, "Nilimkataza kuniita Baba."

Unakumbuka. Nakuona unakumbuka. Alikuambia: ndani ya uwanja wa shule mimi ni Mwalimu, usije ukapendelewa, wenzako wasiseme. Na sisi tuliishi ndani ya uwanja wa shule. Nani alikuchorea mstari, hapa shule imekwisha na hapa baba anaanza? Hakuna. Ukala naye meza moja ukimwita Mwalimu, ukaugua homa ukimwita Mwalimu, ukaoa ukamtambulisha kwa wakwe zako, "Huyu ni Mwalimu," watu wakadhani ni utani.

Siku ile hakufundisha tena. Alasiri akaniambia nimpigie namba yako. Ulipokea, nami nilikuwa karibu, nikasikia pande zote mbili. Ulisema, "Shikamoo Mwalimu, niko kwenye mkutano." Akasema, "Marahaba. Nilitaka kukusalimu tu." Ukasema, "Nitakupigia." Akashika simu ile mkononi mpaka kioo chake kikazimika. Sikulaumu, ulikuwa kweli na kazi zako. Lakini alikuwa amepanga sentensi moja tangu asubuhi, mwalimu wa watu, na haikumtoka.

Kisha ukaja na fundi wa vyuma na mnyororo. Binti, sikiliza na wewe, maana siku hiyo hukuwepo, na umeibeba kuliko waliokuwepo. Kaka yako alisimama pale barazani mwa shule, akasema, "Watu wanatucheka, Mwalimu. Wanasema mzee anafundisha popo. Jengo hili litakuangukia. Nafunga." Na baba yenu, aliyekuwa akiweza kumfukuza afisa wa elimu kwa kumtazama tu, alisema taratibu, "Funga, mwanangu. Funga vizuri."

Wewe ulidhani anakukejeli. Niliona ulivyokaza uso. Ukafunga kwa nguvu, ukaingia kwenye gari, ukaondoka hata chai hukunywa. Lakini mimi nilisikia neno lile, nami nikashika nguzo. Mwanangu. Alilisema ndani ya uwanja wa shule, mbele ya fundi, mbele yangu. Hakuwa amewahi kulisema pale. Ilikuwa ndiyo ile sentensi, imefupika tu. Ulikuwa umeshageuza gari.

Na wewe, binti. Umemwambia kila mtu kwamba mnyororo ule ndio uliomuua baba yako, kwamba alikaa kwenye ngazi akinyeshewa kwa kuwa amefungiwa nje, akapata kifua, akafa. Nilikuambia sivyo, ukasema, "Mama, unamtetea mwanao." Sasa nakuambia na yeye akiwa hapa, na sina tena sababu ya kumtetea mtu. Asubuhi ya pili yake tu baba yako aliniambia, "Dirisha la maktaba halina komeo." Tuliingia kwa dirisha! Wazee wawili. Nilimsukuma kwa bega, akakwama mkanda, akaniambia nisicheke, nikacheka, akaangukia ndani juu ya rafu na tai yake imemfunika uso. Tuliingia hivyo kila siku. Mvua ile ya ngazini, ni kweli walimwona, ila nami nilikuwa nimekaa naye chini ya mwavuli. Mabati yalikuwa yanapiga kelele hatusikiani, tukatoka nje kusoma. Hakuna aliyefungiwa.

Aliendelea kuwa mzima wa kutembea, ila miguu inavimba na pumzi inakatika akipanda dirisha. Wewe ni nesi. Miguu ile uliiona ulipokuja, ukasema utaomba ruhusa urudi umpeleke hospitali kubwa. Ruhusa haikupatikana. Nawe hukuweza kuigombeza hospitali yako, hukuweza kujigombeza mwenyewe, ukamgombeza kaka yako. Nakuambia kwa upendo, mwanangu, usilie, au lia, ila uliache hapa chumbani. Moyo wa baba yako ulichoka. Hakuna aliyeuchokesha.

Alifia darasani, mchana, jua limeingia mpaka ubaoni. Alikuwa amenipa ukurasa mzima, wa kwanza kusoma bila kusaidiwa. Akakaa kiti chake, akaegemeza kichwa kwenye mkono kama anavyofanya akisikiliza. Nikaanza. Nilikosea neno fulani, nikamngoja anisahihishe, hakunisahihisha, nikasema moyoni leo amekuwa mpole, nikaendelea. Nilisoma mpaka chini. Nikasema, "Mwalimu, nimemaliza." Nikasema tena. Halafu nikamwita kwa jina lake, lile la nyumbani, ambalo sikulitumia mchana kwa miaka mingi. Nikajua.

Nilikaa naye kidogo kabla ya kwenda kumwita fundi viatu. Sijui muda gani. Hakukuwa na kengele.

Tangu hapo nimeishi. Watu huuliza, unaishije peke yako? Ninaishi. Nilikuwa naingia shuleni hata baada ya ninyi kuja kufungua mnyororo kwa ajili ya msiba na kusahau kuufunga. Nilikaa dawati la mbele. Nilisoma magazeti ya kufungia sabuni, nilisoma maandishi ya magunia, nilisoma madawati yote mpaka nikayajua kwa moyo. Nilisoma kwa sauti, kisha nikangoja nisahihishwe. Huo ndio upweke, wanangu, mimi sina maelezo mengine. Si kukosa mtu wa kula naye. Ni kukosea neno na kusikia mabati tu.

Siwaambii haya ili mjute. Ninawaambia kwa kuwa naondoka, na mnaobaki mko wawili.

Basi, jengo. Uzeni. Binti, nisikie: uzeni. Nilitembea humo kuliko ninyi wote, najua kuta zipi zimepasuka. Baba yako hayumo mle. Alikuwa akiingia asubuhi na kutoka adhuhuri kama mtu yeyote wa kazi. Mbao zikae, mtu mwingine apate pa kuanzia. Lakini kabla ya kumkabidhi mfanyabiashara yule, mtaingia ninyi wawili, bila fundi, bila wake wala waume, mtapita vyumba vyote, mtatazama. Binti atasoma dawati lile la nyuma kwa sauti. Kisha dawati hilo ni la kaka yake. Akitaka kulihifadhi, alihifadhi, akitaka kuni, alipasue, na mtu asimuulize.

Nyumba hii ni ya binti, kwa sababu mkubwa ana yake na nimeshamwambia. Cherehani ni ya mkwe wangu. Tulikuwa tunanuniana mwanzoni, mimi na yeye, kuhusu namna anavyokaza kitambaa, lakini ana mkono mzuri kuliko wangu, mwambieni nimekiri. Baiskeli ya baba yenu mpeni fundi viatu. Amekuwa akibisha mlango wangu kila asubuhi akijifanya anaomba moto wa kuwashia jiko, mtu mwenye kiberiti mfukoni. Alitaka kujua kama nimeamka. Msimpe kama malipo, ataudhika. Mwambieni Mwalimu alisema apewe.

Mnizike upande wa kushoto wa baba yenu, mapema, kabla ya jua kali. Hotuba zisiwe ndefu. Watoto msiwazuie kucheza.

Nimechoka sasa. Sauti inashuka, sogezeni masikio.

Mwenyezi Mungu awape... awape watu wa kuwasahihisha, na moyo wa kuwakubali. Awape nyumba zenye kelele. Mkikosana, mkosane mezani, chakula kikiwepo, ili njaa iwarudishe. Nimewaridhia wote wawili. Sina kinyongo hata cha kupenya tundu la sindano. Mwanangu, baba yako alikupenda... alilisema, pale barazani... ulikuwa umegeuka.

Mnaona, jua limefika kitandani. Acheni pazia.

Nipeni mikono. Mmoja upande huu... na mwingine huu. La, pande zote mbili zimekuwa moja, sitofautishi... Huu ni wa nani? Una baridi. Na huu unaoushika huu... Wa nani? Wa kaka, au wa dada?

Msiniambie. Kaeni hivyo... hivyo hivyo.